Mzee wa Lami na Kipande Chake

Ukimsalimia Mzee wa Lami, usingojee akuambie kwamba ni mzima. Uzima aliona ni neno la watu wenye haraka. Ungemwambia, "Mzee, habari ya asubuhi?" naye angejitazama kwanza, kuanzia viatu kwenda juu, kisha ajibu, "Sijapasuka bado." Wala hakuwa anatania. Ndivyo alivyoieleza barabara, ndivyo alivyoieleza ndoa yake, na siku alipolazwa kwa malaria, mchungaji akaja kumwombea na kumuuliza anaendeleaje, alimjibu vivyo hivyo. Mchungaji akasema amina.

Nilifanya kazi chini yake miaka ya themanini, katika maabara ya kupima vifaa vya barabara pale Kitale. Niliingia nikiwa fundi mpya, binti wa mtaa wa Tuwan, nimetoka chuoni na viatu vya kisigino chembamba ambavyo mama yangu alinionya nisivivae kazini. Viatu hivyo ndivyo vilivyotujulisha. Uani kulikuwa na viraka vya lami za kila aina, alivyovimwaga yeye mwenyewe, na siku yangu ya kwanza, jua la mchana likiwa kali, nilikatiza hapo kwenda kunawa mikono. Nikasikia sauti nyuma yangu: "Msichana, simama hapo hapo!" Nikasimama. Mzee mzima mwenye koti jeupe la maabara akapiga magoti, akaanza kuchunguza matundu yaliyoachwa na visigino vyangu.

"Hebu rudi," akaniambia, "halafu upite hapa pembeni. Kwa mwendo ule ule. Usijifanye mwepesi."

Nikapita. Akapima. Nikarudi, nikapita tena. Wenzangu walikuwa wamejaa dirishani wakijiziba midomo. Basi kwa muda mrefu, kila jua lilipowaka, mimi nilikuwa mashine ya serikali ya kupima ulaini wa lami. Nilipokuja kazini na raba, aliniuliza kwa huzuni ya kweli kama ile mashine imeharibika.

Kazi yenyewe, kwa wasioijua, ilikuwa ya ubashiri. Lami ikiletwa kutoka kiwandani kwa mapipa, sisi tulitakiwa kusema itakuwaje barabarani miaka mingi baadaye, malori ya mahindi yakishapita juu yake, na jua, na mvua, na baridi ya Kitale ya alfajiri. Tuliichoma sindano kuona inazama kiasi gani. Tuliimimina ndani ya pete ya shaba, tukaweka gololi ya chuma juu yake, tukaipasha moto majini hadi lami ilegee na gololi ianguke. Tuliipika kwenye oveni saa nyingi ili izeeke upesi. Mzee alisema, "Tunaizeesha." Alikuwa akichungulia oveni ile kwa uso wa masikitiko, akiitikisia kichwa lami ya watu iliyoingia kijana na ikawa inatoka mzee.

Alikuwa na sheria zake, na ole wako uzivunje. Ya kwanza: jaribio moja ni uvumi. Ukimletea jibu, hata liwe zuri namna gani, alisema neno moja tu, "Rudia." Ukilirudia likawa vile vile, "Rudia." La tatu ndilo aliloliandika. Ya pili: jibu likija baya, usiilaumu lami kabla hujajitazama wewe. Labda maji hayakuwa na joto linalotakiwa, labda sindano ilikuwa chafu, labda ulikuwa unawaza mchumba. "Hayo si ya lami," alikuwa akisema, "hayo ni makosa ya anayepima." Na ya tatu, ambayo aliipenda kuliko zote: usifagie kitu ambacho hujakielewa. Pete ikivunjika, chupa ikianguka, lami ikimwagika mezani, mtu asiguse hadi yeye aje, ainame, anuse, aulize. Mama aliyetusafishia maabara alikaribia kuacha kazi. Alilalamika kwamba ameajiriwa kusafisha na hapo hapo anakatazwa kusafisha.

Nyumbani kwake hapakuwa na amani pia. Kwao ni Kabuchai, upande wa Bungoma, na mwisho wa juma alikuwa akirudi huko kwa mkewe, mwanamke mnene mcheshi ambaye sote tulimwita Mama. Siku moja alitualika chakula. Ugali ukaletwa, ukiwa bado unafuka moshi, na kabla ya mtu kunawa Mzee alitoa njiti ya kiberiti mfukoni, akaiachilia juu ya ugali, akainama kuangalia imezama wapi.

"Umezidisha maji," akasema.

"Mwenye rami," mkewe akamwambia, maana Kabuchai waliitamka lami hivyo na ndilo jina walilompa, "utakula ama utapima? Chagua moja."

Akala. Akaongeza. Akapangusa sahani kwa tonge la mwisho, na tulipokuwa tunaondoka nilimsikia akimnong'oneza mkewe kwamba ulaini ule, kwa kweli, ulikuwa unafaa kwa hali ya hewa ya pale.

Msidhani basi kwamba alikuwa mtu wa kufuata sheria zake mwenyewe. Wapi! Alitukataza kuingiza chakula maabara, tena kwa ukali, akisema lami na tumbo havijuani. Lakini kila Jumatano harufu ya viazi vitamu ilitanda chumba kizima, ikitoka kwenye oveni ya kukaushia udongo. Nilipomuuliza, alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosa.

"Hiyo ni oveni ya nini?"

"Ya udongo, Mzee."

"Na kiazi kimetoka wapi?"

Akanikatia kipande kikubwa, mazungumzo yakaishia hapo. Alisema pia kwamba haamini macho, anaamini kipimajoto. Ila sufuria ya lami ikichemka alikuwa wa kwanza kuweka pua juu yake na kutangaza joto lake, na kipimajoto kikimpinga, kilibadilishwa kipimajoto. Na alikuwa mzee wa kanisa asiyekosa ibada, lakini ukimwambia utaombea matokeo, alikasirika. "Mungu usimhusishe na gololi," alisema. "Gololi itaanguka ikitaka kuanguka."

Kitu kimoja tu ndicho kilichomfanya mtoto. Ilikuwa lami iliyochanganywa na mpira. Matairi makuukuu yalisagwa yakawa unga, unga ukapikwa pamoja na lami, na kilichotoka kilikuwa kizito, kibishi, chenye harufu ya kukimbiza watu. Tuliivuta majini kama tulivyovuta lami nyingine, ikanyooka ikawa uzi mwembamba, kisha Mzee akaukata uzi katikati kwa makasi. Lami ya kawaida ukiikata hukaa hapo hapo, imelala. Hii ikaanza kurudi. Polepole, vipande viwili vikijikunja kila kimoja kwake, na Mzee ameinama juu ya beseni, miwani imeshuka puani.

"Unaona?" akaniambia, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku. "Ile nyingine ukiivuta inasahau ilikotoka. Hii inakumbuka kwao."

Mimi nikasema ni lami nzuri sana. Akageuka haraka, akaninyooshea kidole. "Lami haisifiwi, Chemutai. Lami inangojwa."

Ila yeye mwenyewe hakuweza kungoja. Alipiga hodi kila ofisi. Aliwasumbua wakubwa hadi wakampa kipande cha barabara cha majaribio, kiwekwe lami yake ya mpira, na kikihimili, barabara yote iliyobaki itengenezwe hivyo. Kisipohimili, basi, mambo ya matairi yasitajwe tena. Na kipande chenyewe, nadhani mmeshakisia, kilikuwa Kabuchai, mbele ya kanisa lake, mahali ambapo angeweza kukiona akitoka ibadani. Tulipomtania kwamba amejiletea barabara mlangoni kwa mkewe, alisema alichagua mahali pale kwa ajili ya uzito wa magari. Kweli, matrekta ya miwa yalipita pale, na malori ya mahindi. Lakini magari mazito yalikuwa yakipita mahali pengi, na mahali pengi hapakuwa na Mama akipika.

Kuanzia siku rola ilipoondoka, kipande kile ndicho kilichokuwa roho yake. Watoto wake walikuwa wameshakua wakaoa na kuolewa, ng'ombe wake walichungwa na jirani, na cheo hakukitaka. Alichotaka duniani ni kwamba kipande kile kisipasuke. Jumapili, watu wakisalimiana nje ya kanisa, yeye alikuwa ameinama katikati ya barabara na Biblia kwapani, akibonyeza lami kwa dole gumba. Magari yalimpigia honi. Alikuwa akiyapisha bila kuinua kichwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu aliinama hadi mgongo ukazoea.

Na hapo ndipo mahindi yalipoingia.

Mkulima yeyote wa kwetu anajua kwamba mahindi yakivunwa lazima yakauke, na hakuna mahali pa kuyakausha kama lami. Ni safi, haina udongo, na inashika joto. Sasa lami ya Mzee ilikuwa nyeusi kuliko zote, laini bila mashimo, na upande wa kanisa hapakuwa na mti hata mmoja wa kuzuia jua. Upande wa pili ulikuwa na mikaratusi, una kivuli. Kwa hiyo msimu wa kwanza tu wa mavuno, akina mama wa Kabuchai waliamka, wakatandaza mahindi upande wote wa kanisa, mwanzo wa kipande hadi mwisho, wakaweka mawe pembeni ili magari yasiyakanyage.

Mzee alifika Jumamosi, akashuka garini, akashika kichwa.

"Nani amefanya hivi? Nani?"

"Kwani iko nini?" mama mmoja akamjibu, akigeuza mahindi kwa mguu. "Si ni barabara ya wananchi?"

"Mama, hii ni majaribio! Magari yanatakiwa yapite pande zote mbili. Sasa yote yanapita upande wa miti, yakienda na yakirudi. Upande mmoja unafanya kazi ya wawili na mwingine umelala!"

"Si ulale tu, upumzike. Ati barabara pia inachoka?"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mzee akaanza kutoa mawe mwenyewe, moja moja, akiyatupa mtaroni kwa hasira, hadi akafika kwenye rundo la mwisho, kubwa kupita yote, na turubai lililofunika nusu yake. Turubai alilijua. Alilinunua yeye. Mkewe alikuwa ameketi juu ya gunia, amekunja mikono, anamngoja.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alipiga kelele, akaeleza habari ya uzito na magurudumu, akamchorea mkewe barabara chini kwa kijiti. Mama alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akasema, "Sawa, Mwenye rami. Nianue. Halafu mwezi ujao utakula ile gololi yako."

Mahindi yalibaki. Na msimu uliofuata pia. Jumapili Mzee alitoa mawe, Jumatatu yakarudi. Kwangu mimi ilikuwa furaha tupu. Nilikuwa nikimuuliza kila wiki, "Mzee, mahindi yanaendeleaje na majaribio?" naye ananijibu nichunge maji yangu yasipoe. Jioni, ugali aliokula, aliousifu kimoyomoyo na kuuchoma njiti, ulikuwa umekauka juu ya majaribio yake.

Kicheko hicho kilitukaukia siku wageni walipokuja.

Tulipata habari kwamba wakubwa kutoka Nairobi watakuja kukikagua kipande na kuamua. Mzee alituita Kabuchai siku iliyotangulia. Nilimkuta amebadilika kabisa. Yule mtu aliyetuzuia kufuta hata tone la lami mezani alikuwa amekusanya kijiji kizima na mafagio. Mahindi yakaanuliwa. Mawe yakatolewa, mengine yakapakwa chokaa na kupangwa kwenye lango la kanisa. Barabara ikafagiliwa, ikamwagiwa maji, ikafagiliwa tena.

Mama peke yake ndiye aliyepinga. "Yaache," alisema. "Waone vile tunaishi hapa."

"Wageni wa serikali wakanyage mahindi?" Mzee akashtuka. "Watasema sisi ni watu gani?"

Ndivyo tulivyo sisi. Mgeni mkubwa akija, tunaficha maisha yetu nyuma ya nyumba, tunamwonyesha ua uliofagiliwa. Hata mimi niliona ni jambo la heshima. Hakuna aliyekumbuka sheria ya tatu, wala yeye mwenyewe.

Wakaja, na makoti yao, na ubao wao mrefu ulionyooka. Waliulaza ubao kukata barabara upande wa kanisa. Ukakaa sawa, kama juu ya meza. Wakaulaza upande wa miti. Chini yake kukaonekana mwanga. Magurudumu yalikuwa yameuzamisha upande ule, ukawa na mabonde mawili marefu. Lami haikuwa imepasuka, lakini ilikuwa imezama, hilo hakuna aliyeweza kulikana.

"Lami ni ile ile?" mkubwa wao akauliza.

"Ni ile ile, bwana," Mzee akasema. "Pipa moja, siku moja."

"Mbona upande mmoja umezama na mwingine mzima? Basi mchanganyiko wako hauaminiki. Leo unatoka hivi, kesho vile."

"Hapana, bwana. Ni mahindi."

"Mahindi gani?"

Mzee akageuka kuonyesha. Barabara ilikuwa inang'aa. Hapakuwa na jiwe, hapakuwa na gunia, hapakuwa na punje. Akaanza kueleza kwamba watu huanika, kwamba magari hupita upande mmoja, na kadiri alivyoeleza ndivyo wageni walivyotazamana. Mmoja akatabasamu. Mzee akainama, nadhani akitafuta hata punje moja iliyojificha kwenye ukingo, akapapasa kwa vidole mwendo mrefu, mbele ya wale watu waliosimama. Hakuipata. Tulikuwa tumefagia vizuri mno. Mimi nilisema kwamba ni kweli, nimeyaona kwa macho yangu. Wakaniambia asante, dada, wakaandika yao. Akina mama walikuwa wamesimama mbali nyuma ya kanisa, na nguo zao za Jumapili, kama walivyoagizwa.

Magari yao yalipoondoka, Mzee alibaki amesimama katikati ya barabara. Nilisogea, nikitaka kuwatukana wale watu kwa niaba yake. Akanyanyua mkono.

"Makosa ya anayepima," akasema.

Moyo uliniuma. Mara nyingi nilikuwa nimemcheka kwa maneno hayo, na siku ile nilitamani angelaumu mtu mwingine, hata mkewe, hata mimi. Hakulaumu mtu. Aliingia nyumbani, Mama akamletea ugali, na hakuupima.

Barabara iliyobaki ilitengenezwa kwa lami ya kawaida. Unga wa matairi uliobaki maabara ulikaa kwenye pembe hadi panya wakahamia humo. Yeye akastaafu baada ya muda si mrefu. Tulimpa saa ya ukutani, akaitazama, akauliza tumeilinganisha na saa gani. Kisha akaenda kwao, na mimi nikahamishiwa Bungoma. Siku za mwanzo nilikuwa nikisikia habari zake: amegombana na mwuza maziwa kuhusu uzito wa maziwa, ameiambia kwaya kwamba inachelewa. Halafu nikaacha kusikia.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya mvua kubwa zilizobomoa barabara zetu zote, nilipotumwa kukagua madaraja upande ule. Dereva wangu alikuwa kijana wa Bungoma aitwaye Simiyu, mpya kazini, mwenye maneno mengi. Tulitoka asubuhi na pikapu. Barabara ilikuwa imekufa. Ile lami ya kawaida ilikuwa imebaki visiwa visiwa, na katikati ni mashimo ya kuogea bata. Nilikuwa na themosi ya chai miguuni, koo limekauka kwa vumbi, nikaanza kuifungua.

"Aa, Madam, ngoja kwanza," Simiyu akasema. "Utajichoma bana. Ngoja tufike kwa mahindi."

"Kwa mahindi ni wapi?"

"Hapo mbele, kwa kanisa. Madereva wote hunywea hapo. Hata watu wa malori. Ukiwa na soda, na uji, unangoja ufike hapo."

Sikuelewa, nikangoja. Tukaruka, vyuma vikalia, tukagonga vichwa. Halafu ghafla pikapu ikanyamaza. Kelele zote za vyuma zikakoma, hadi nikasikia saa yangu ya mkononi. Simiyu bila kunitazama akachukua kikombe chake dashibodi, akaninyooshea. "Sasa mimina."

Nikamimina chai gari likitembea, kikombe kikajaa, na haikumwagika. Nikainua macho. Mikaratusi upande mmoja, kanisa upande wa pili, na upande wa kanisa mahindi yametandazwa mwanzo wa kipande hadi mwisho, mawe yamepangwa pembeni. Nikamwambia Simiyu asimame.

Alikuwa ameketi juu ya gunia, chini ya mwavuli mweusi, na koti lile lile la maabara ambalo sasa rangi yake haikuwa na jina. Mama alikuwa pembeni yake akipepeta. Nikasema, "Mzee, habari ya siku nyingi?"

Akajitazama, kuanzia viatu kwenda juu.

"Sijapasuka bado," akasema. "Umeacha visigino, Chemutai?"

Nikacheka, nikamshika mkono kwa mikono yote miwili. Nikamuuliza inakuwaje yeye ndiye mlinzi wa mahindi siku hizi. Mama ndiye aliyenijibu. Baada ya wale wageni, Mzee aliita akina mama wote, akawapikia chai, akawaomba jambo moja: msimu huu waanike upande wa kanisa, ujao upande wa miti, wapokezane, kila upande ubebe mzigo na kila upande upumzike. "Tukaona ni mzee, tumsaidie," Mama akasema. "Tangu siku hiyo tunageuza barabara kama chapati. Na akipata mtu ameweka upande si wake, hatulali!"

"Lakini Mzee," nikasema, "nani anayepokea matokeo? Ile kazi si ilifungwa?"

"Wao ndio walifunga," akasema. "Lami haikuambiwa."

Nikamweleza habari ya chai. Nikamweleza alivyosema Simiyu, kwamba madereva wote hungoja hapa, kwamba watu wasiomjua wamekipa kipande chake jina na wanabeba vikombe kwa ajili yake. Alisikiliza akiwa ametulia tuli. Nilidhani atafurahi. Badala yake akaniuliza, "Mlipita upande gani?"

"Upande wa miti. Huku si kuna mahindi?"

"Upande wa miti," akarudia. Ule ule uliozama. Ule walioulazia ubao.

"Kikombe kilijaa kiasi gani?"

"Kilijaa, Mzee. Hadi hapa."

Akaondoa miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa, akaiondoa tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujua ayafanye nini. Mama akaendelea kupepeta, ila alisogeza gunia lake karibu na la mumewe. Na mimi, niliyemtania mtu huyu miaka yote ile, nikamshikia mwavuli. Nilimpenda sana, na sikuwahi kumwambia.

Halafu akakohoa, akavaa miwani. "Hilo ni jaribio moja," akasema. "Jaribio moja ni uvumi. Rudia."

"Ati?" Simiyu akauliza.

"Washa gari," nikamwambia. "Utazoea."

Tukageuza, tukaenda hadi mwisho wa kipande, tukarudi. Nikiwa nimeshika kikombe kimejaa hadi ukingoni, nikapita mbele ya Mzee wa Lami aliyesimama kando ya barabara na mwavuli, amenyooka kama askari. Haikumwagika. "Rudia!" Akina mama walikuwa wametoka mashambani na majikoni, wamejipanga kando ya mahindi wakipiga vigelegele. Tukaenda tena, tukageuza tena, na safari hii nilipomwona pale, koti likipepea, amekodolea macho kikombe changu kana kwamba dunia yote imo humo, nilishikwa na kicheko na kilio kwa pamoja, kikombe kikainama, chai ikanimwagikia sketi yote.

Simiyu akafunga breki. Nikatoa kichwa dirishani. "Imemwagika, Mzee!"

Akaja polepole. Akaitazama lami, mbele na nyuma, akainama akaibonyeza kwa dole gumba. Akanitazama uso wangu uliolowa, na sketi.

"Hayo si ya lami," akasema. "Hayo ni makosa ya anayepima."

Akamwambia mkewe alete chai nyingine, akarudi mahali pake kando ya barabara, akafungua mwavuli.

"Rudia."